Caro, Aliyeishuku Kofia ya Nyaya

Siamini bado. Na Caro mwenyewe angeniambia nisiamini haraka.

Habari ya kifo chake ilipoingia kwenye group ya kazini, nilimpigia dadake nikamuuliza jina la mbwa wao wa zamani. Caro ndiye aliyetufundisha: ukiletewa habari mbaya kwa simu, hakikisha kwanza unaongea na nani. Dadake akalitaja jina la mbwa, kisha akaanza kulia. Nikakaa chini sakafuni.

Wanasema ni mapafu. Wewe, Caro, ungeuliza walipima vipi.

Kwa wasiomjua, Caro alikuwa therapist wa watoto wanaotatizika kusoma na kutulia darasani. Tulifanya kazi kituo kimoja hapa Nakuru, meza zetu zikitazamana. Babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na Caro alikuwa akisema kwao hakuna anayeamini treni imefika mpaka isimame.

Alishuku kila kitu. Tukisimama Gilgil kununua viazi, alimwaga debe lote aone kilichofichwa chini. Siku moja muuzaji akamwambia, "Mathe, hizi ni waru, si suspects." Caro akaendelea kugeuza kimoja kimoja, na akapata viwili vimeoza.

Basi boss akatuletea kofia ya kusoma mawimbi ya ubongo. Nyaya kila mahali. Mtoto anavalishwa, anatazama katuni. Akitulia katuni inaendelea, mawazo yakizurura inaganda. Eti hivyo ubongo unajifunza kutulia wenyewe.

Sisi wote tulifurahia. Caro aliigeuza ndani nje kama anakagua shati la mtumba. Aliniuliza mbona kwenye video ya training watoto wote wana nywele laini za kulala. Nilimwambia aache shuku zake.

Ndipo akaja Cherono, msichana wa darasa la tatu kutoka Olenguruone. Mamake alikuwa amemsuka matuta mapya asubuhi hiyo na kuyapaka mafuta mpaka yakang'aa. Ndivyo tulivyolelewa. Nani atampeleka mtoto kwa daktari na kichwa kama kichaka?

Kofia ikakaa juu ya matuta. Katuni haikusonga. Report ikasema ubongo una kelele nyingi, attention iko chini kabisa, na mtoto atolewe shule yao apelekwe boarding ya watoto wenye mahitaji maalum. Mamake aliikunja karatasi. Cherono akauliza kama ataruhusiwa kurudi kuaga marafiki zake.

Hapo Caro akaacha meza yake. "Mama Cherono, ngoja. Usimtoe shule bado."

Akamgeukia boss akamuuliza mbona watoto waliosukwa wote ubongo wao una kelele, na walionyolewa wako sawa. Boss akasema ni coincidence. Caro akasema basi hata coincidence ivalishwe kofia.

Akamkalisha Cherono akaanza kumfumua, huku akimuuliza habari za ng'ombe wao. Mamake akashika upande wa pili. Wakamwosha mafuta, wakamkausha, kofia ikarudi kichwani. Katuni ikaenda mpaka mwisho.

Tulipiga makofi. Caro hakupiga.

"Hata hii siiamini," alisema. "Saa ile ilikuwa inasoma mafuta. Sasa sijui inasoma nini. Na huyu mtoto bado hajui kusoma."

Ilikuwa kweli. Siku hiyohiyo Cherono alimsomea ukurasa mzima bila kukwama, na kitabu alikuwa amekishika juu chini.

Watoto wetu huimba kitabu kwa pamoja darasani mpaka wanakijua chote bila kuona herufi hata moja. Kwa hiyo Caro hakumwamini mtoto yeyote anayesoma kama maji. Alifunika mistari ya juu kwa kiganja na kusema, "Anzia hapa katikati." Wengi walinyamaza. Cherono pia alikwama.

Lakini hakutolewa shule. Kila Jumamosi mamake alimteremsha kutoka kwao Mau, na Caro alimfundisha herufi kwa kidole kwenye sinia ya unga. Akichoka walienda nje kurushiana mpira, wakirudi wanaendelea. Kofia bado tunayo. Siku hizi tunafumua kwanza, na mimi bado naitazama kwa jicho baya.

Jana tulikuwa kwenu kwa maombi, Caro. Cherono alikuja na mamake, nywele zimechanwa tu, hazijasukwa. Akasimama akasoma fungu la Biblia, kila mtu akapangusa macho.

Mimi sikulia. Lile fungu kila mtoto wa Sunday school analijua kwa moyo. Nilikaa pale nikishuku, na moyo ukiniuma kwamba nashuku siku kama hiyo. Kama alikariri tu, basi zile Jumamosi zote zilienda wapi?

Watu walipoenda kuchukua chai nikamwita kando. Nikampa karatasi ya wasifu wako, ambayo hakuwa ameiona. Nikafunika mistari ya juu kwa kiganja. "Anzia hapa katikati."

Mamake hakupendezwa. Cherono alinitazama akatabasamu, akasema, "Hivyo ndivyo teacher Caro alikuwa ananifanyia."

Akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma polepole, akakwama, akarudi nyuma mwenyewe, akaendelea: "A-li-penda ku-uliza. A-li-penda wa-toto."

Hapo ndipo nilipolia.

Rafiki yangu, nimekagua mpaka chini ya debe. Mtoto anasoma. Lala salama, Caro. Hii moja iamini.