Ambokile aliomba asiwekewe maua ya plastiki kaburini

Wakuu, poleni na majukumu. Hii sio chai. Ningekuwa natunga, ningetunga kitu cha kuchekesha, maana nina hamu ya kucheka.

Mimi ni mwalimu, kwetu Singida, ajira ikanileta Tukuyu. Mvua ya huku msiulize. Soksi haikauki mpaka uivae.

Nilipanga chumba Bagamoyo. Bagamoyo ya huku Tukuyu, sio ya Pwani, msianze. Jirani yangu alikuwa Ambokile, fundi wa kuandika mabango ya maduka. Akimaliza kazi anashuka mtoni na kiroba kuokota plastiki. Chupa, vifuniko, malapa yaliyokatika, na maua. Yale maua ya plastiki ya kwenye mashada ya msibani.

Kwa wasiojua, huku wengi wanazikwa nyumbani, migombani. Watu wanaweka mashada, wanaondoka. Mvua ikikolea maji yanayabeba mpaka mtoni, na huko yananasa kwenye mizizi na kukaa miaka, hayaozi.

Jamaa alikuwa na mwiko mmoja. Kaburini hagusi. Hata ua likiwa limeangukia pembeni, analipita.

"La kaburini ni la marehemu, Mwalimu. La mtoni ni la kwetu sote."

Waliosema anaroga walikuwepo. Alikuwa anawacheka tu.

Kwa takataka hizo akatengeneza ng'ombe. Aisee, ng'ombe mzima! Mbavu za chupa, ngozi yote maua. Nikamuuliza kwa nini ng'ombe, akasema huku msiba mkubwa haukosi ng'ombe, na huyu ni wa msiba wa mto.

Tulimtoa nje siku ya soko. Watu wakajaa, simu juu, picha kama zote. Akaja mama mmoja wa makamo, kikapu cha parachichi kichwani. Akatua kikapu, akashika ua moja la zambarau shingoni kwa ng'ombe. Lilikuwa limefungwa kipande cha kitenge.

"Hili nililifunga mwenyewe. Niliweka kwa mwanangu."

Nikajua leo tunapigwa.

Ambokile akapiga goti pale pale kwenye tope. "Mama, sikulitoa kwake. Nililiokota mtoni."

Yule mama hakugomba. Aliliangalia weee, halafu akasema, "Kumbe limefika mpaka huku." Akaanza kulia. Ambokile akalichomoa, akampa kwa mikono miwili. Mama akasema "Ndaga", ndiyo asante ya Kinyakyusa, akajitwika kikapu chake, akaenda nalo.

Ng'ombe akabaki na tundu shingoni. Maua mengine yalikuwepo kiroba kizima, lakini Ambokile hakuliziba lile tundu.

Siku hiyo hiyo tukiwa tunakunywa chai akaniambia, "Nikifa msiniwekee maua ya plastiki. Niwekeeni majani ya mgomba, yaoze pamoja na mimi."

Nikamwambia aache uchuro. Akang'ang'ania nimuahidi. Nikaahidi, ili mradi tubadilishe mada.

Wakuu, mwaka haukuisha.

Ilikuwa presha. Alikuwa anaandika bango la duka la nguo, akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini. Tukamkimbiza hospitali, Makandana. Kesho yake hatukuwa naye. Bango lile liliishia katikati ya neno, na mwenye duka ameliacha hivyo hivyo.

Msiba ulikuwa kwao, Matwebe. Nikamfuata baba yake mdogo aliyekuwa anasimamia, nikamweleza ahadi yangu. Mzee alinisikiliza vizuri kabisa, sio mtu mbaya.

"Mwalimu, ulimpenda mtoto wetu, tunaona. Lakini mashada yakikosekana watu watasema tumemtupa. Unataka tumzike kama mtu asiye na watu?"

Mimi ni mtu wa kuja. Dada yake, Tumpe, akanivuta pembeni, macho yamevimba. "Kaka, mbona sisi hakutuambia? Angetuambia sisi."

Hilo ndilo lililoniuma.

Makaburini msema chochote, yaani MC, akawa anaita watu wa kuweka mashada. Dada zake. Wajomba. Majirani. Halafu: "Marafiki! Mwalimu yuko wapi?" Mtu akanitia shada mkononi. Lilikuwa na kikaratasi ndani ya nailoni, kimeandikwa kwa kalamu nene MARAFIKI WA BAGAMOYO, herufi zimepinda. Ambokile angeziona angezifuta zote aanze upya.

Mama yake mzazi alikuwa ananitazama. Nikachana jani la mgomba uliokuwa karibu, nikalitandika kwanza, shada nikaliweka juu yake. Hicho tu ndicho nilichoweza.

Masika nikaenda Matwebe kumsalimia mama yake Ambokile. Tumpe akaomba nimsindikize kuchota maji kijitoni, chini ya migomba.

Nililiona kabla yake. Limenasa kwenye mizizi, maua yanang'aa kama siku ile, na kikaratasi chake. MARAFIKI WA BAGAMOYO.

"Kumbe limefika mpaka huku," nikajisikia nasema. Nikalia, wakuu, mwanaume mzima, mbele ya dada wa watu na ndoo yake. Tumpe naye akatua ndoo, akalia. Nikalinasua lile shada, nikaondoka nalo.

Nilipopita kaburini, jani langu halikuwepo. Lilishaoza, kama alivyotaka.

Nilichojifunza: kama una neno la kuagiza kuhusu mazishi yako, waambie wajomba zako na dada zako, waambie wale watakaoshika kipaza sauti. Usimwachie rafiki. Rafiki msibani hana kauli, hata akupende vipi.

Ng'ombe yuko barazani kwangu, na tundu lake. Kuna wanaonishauri nilizibe kwa ua kutoka kwenye lile shada. Nimejaribu, mkono umekataa.

Shada lenyewe liko uvunguni. Kulichoma ni moshi, kulifukia halitaoza, kumrudishia Ambokile siwezi, ndicho kitu alichokikataa. Na mtoni silitupi.

Nyie mngelipeleka wapi? Naombeni mawazo, hata ya kunisema.