Mjane Niliyempa Pole

Sebuleni kwetu Guildford, Uingereza, siku ile tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Neema na kitinda mimba wetu Baraka. Ndivyo nilivyodhani.

Korona ilikuwa imewafungia watu ndani, na hata mazishi tulihudhuria kwa kompyuta. Neema alikuwa na mtihani wa kuzungumza wiki ile, nami niliapa kwamba hakuna atakayemharibia.

Nilitoka kazini nikawakuta kimya mbele ya kompyuta. Humo, mwanamke wa Kijapani aliyevaa nguo nyeusi alikaa kando ya picha ya mwanamume, ubani ukifuka. Nikasimama dakika mbili nzima, yule mwanamke hakutikisika. Katika filamu ninazozijua, kwa muda huo mtu ameshafumaniwa, amepigwa na ameokoka. Nikajua huu ni msiba.

Mimi niliacha shule ili niwalee hawa yatima wenzangu, lakini msiba naujua. Nikajifunga kitenge, nikavuta kiti mbele.

“Dada, subiri, ni mimi ninaye…” Neema akaanza.

“Nyamaza. Mfiwa mnamkodolea macho tu?”

Nikampa mjane pole, nikaomba, nikaimba beti zote nne za wimbo wa maombolezo. Baraka akajifunika uso kwa mto.

Mjane akatoweka. Nyuso za darasa zima zikajaa kwenye kioo.

“Asante, mama,” mwalimu akasema. “Hiyo ilikuwa filamu. Neema, dakika zako kumi zimekwisha.”

Katika mtihani wake, Neema alitakiwa aeleze jinsi ukimya ulivyomponya yule mjane wa filamu. Dakika hizo kumi ananidai mpaka leo, na sijui nitazitoa wapi.