Pembe ya Ngoma

Håkan Burvall alizaliwa Kallträsk, kijiji chetu cha kaskazini, na hakuwahi kuhama. Alipomaliza shule aliingia kiwanda cha mbao, na jioni akawa anapiga gitaa. Muziki wake ulikuwa ule wa metali, wenye maneno ya giza na mauti, unaoimbwa kwa kunguruma. Ila chini ya mngurumo huo gitaa hupita na sauti tamu ambayo mtu angeweza kuiimba njiani akirudi nyumbani. Wageni hushangaa kwamba kijana mpole namna ile hupiga muziki huo. Sisi tunaoijua Novemba ya huku, ambapo giza huingia mchana, hatushangai.

Bendi ilikuwa ya watu wawili: yeye na Tord Selin, mpiga ngoma, jirani yake tangu utotoni. Albamu yao ya kwanza ilikwenda kasi kama mawe yanayoporomoka, nayo ilisikilizwa hadi Ujerumani. Kisha Tord akapata kazi Göteborg, mbali kusini. Aliziacha ngoma zake katika pembe ya darasa la shule ya kijiji, walimofanyia mazoezi, akaahidi kurudi kurekodi albamu ya pili. Håkan aliamini, akaanza kutunga.

Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa kukosa watoto. Chama cha elimu ya watu wazima kilitupa bure darasa moja, ndilo pekee lililopashwa moto, kwa sharti kwamba kikundi kisipungue watu watatu. Kwa hiyo tulikutana humo: Håkan na gitaa lake, Dagny, dada wa marehemu baba yake, na kitanda chake cha kufumia, na mimi, niliyewafundisha Håkan na Tord katika chumba hichohicho, nikikamilisha idadi na kupika kahawa.

Hivyo ndivyo yalivyopita majira mawili ya baridi. Dagny alifuma mazulia ya vitambaa chakavu, na kila alipopitisha uzi alivuta ubao kuushindilia, ukasikika mdundo mzito. Håkan alipiga akitugeuzia mgongo, uso wake ukielekea ngoma zilizofunikwa shuka. Siku moja Dagny alimwuliza kwa nini hageuki. Alijibu kwamba anamwachia Tord nafasi yake.

“Tord hayupo, mwanangu.”

“Najua, shangazi.”

Msimu wa kuwinda kulungu wakubwa huwarudisha kijijini hata waliosahau njia, na vuli iliyofuata Tord alikuja. Aliingia darasani na kofia yake ya uwindaji ya rangi ya chungwa, akachungulia kikombe nilichompa.

“Mwalimu, kahawa yako bado nyepesi, mtu anaona chini ya kikombe.”

“Na wewe umenona,” Dagny alimwambia. “Huko kusini wanakulisha nini?”

“Soseji, shangazi. Soseji na mvua.”

Aliondoa shuka, akagonganisha vijiti mara nne, akaanza. Gitaa likaachwa nyuma. Wakarudia, likaachwa tena. Safari ya tatu Håkan alilazimisha mkono wake ufuate kasi, na noti zote zilikuwapo, lakini ile sauti tamu ilikuwa imetoweka. Tord alishika toazi kwa vidole kulinyamazisha, akamwomba apige peke yake. Håkan akapiga. Dagny, aliyekuwa amesimamisha kazi kwa adabu, akairudia kama alivyozoea. Tord aliutazama mkono wa Håkan, kisha akautazama ubao wa Dagny, kwa muda mrefu.

“Umepunguza mwendo,” alisema.

“Nyimbo ni zilezile.”

“Sio zilezile. Unamfuata shangazi.”

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameligundua jambo hilo, hata Håkan mwenyewe.

“Mimi nafuma zulia la jikoni,” Dagny alisema. “Msiniingize kwenye mambo yenu.”

Tord alicheka. Håkan hakucheka. Alisema atazirudisha nyimbo kwenye kasi yake, apewe muda kidogo tu.

“Usiziguse,” Tord alimjibu polepole. “Hujawahi kutunga nzuri kama hizi. Ila mimi sioni pa kuingilia.”

Håkan alivuta pumzi fupi kwa ndani, ambayo kwetu maana yake ni “ndiyo”.

Uwindaji ulipokwisha, Tord alileta tela, wakazibeba ngoma pamoja. Mlangoni kila mmoja alitaka mwenzake atangulie, wakasimama hapo na ngoma kubwa kati yao mpaka nikawashikilia mlango.

Albamu ya pili ilirekodiwa darasani humo baridi ile, gitaa na mngurumo tu. Katika nyimbo kadhaa mdundo unasikika kwa mbali, kwa sababu Dagny alikuwa ameagizwa zulia la harusi na hakukubali kungoja. Baadhi ya waliopenda albamu ya kwanza waliandika kuuliza ngoma zimekwenda wapi. Tord alipiga simu, akasema ameisikiliza yote ndani ya gari, tena gari likiwa limesimama. Kila mmoja akangoja mwenzake aongeze neno. Mwishowe wakazungumzia theluji.

Pale zilipokaa ngoma sakafu ilibaki nyeupe kuliko kwingine, na pako karibu na dirisha. Macho ya Dagny yalikuwa yameanza kuchoka. Jioni moja aliuliza kama anaweza kusogeza kitanda chake cha kufumia pale, apate mwanga.

Håkan alikuwa ameketi akiielekea ile pembe, gitaa mapajani.

“Bado, shangazi.”

Dagny akawasha taa, akaendelea kufuma.