Saa Moja na Nusu Hadi Mandera

Mtu wa Nairobi ukimuuliza Mandera ni mbali kiasi gani, atakuambia saa moja na nusu kwa ndege, kisha arudi kwenye simu yake. Sawa. Mimi naishi Garissa, na Garissa hakuna ndege ya kunipeleka Mandera. Basi nalo huchukua siku mbili, hiyo ni kama njia haijafungwa kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo dada yangu mdogo aliponipigia kuniambia kwamba Hooyo, mama yetu, amezidiwa, nilipanda basi la Nairobi. Niliipa Mandera mgongo ili nikatafute ndege ya kunirudisha huko huko.

Vizuizini tulishushwa, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi. Askari mmoja alikigeuza changu mara mbili, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Mandera.

"Mandera si huko nyuma, mama?" Akacheka. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Alfajiri, nikiwa tayari uwanja wa ndege, dada akapiga tena. Hooyo ametutoka. Nilisema inna lillahi, nikakaa sakafuni na mkoba wangu. Nililotaka sasa lilikuwa moja tu, kumwosha. Kwetu mama huoshwa na binti zake, na mimi ndiye mkubwa. Yeye aliniogesha kwenye karai miaka yote ile, akinisugua masikio hadi nalia. Mimi zamu yangu ilikuwa hii moja.

"Abaayo, dada yangu, tukusubiri?" dada akauliza.

"Nisubirini. Ndege ni ya saa mbili, na ni mwendo wa saa moja na nusu tu." Hata mimi nikasema vile vile wanavyosema wao.

Saa mbili ikapita. Mwanamke wa kaunta akasema kuna vumbi Mandera. Baadaye akasema si vumbi, ni kifaa kinatengenezwa. Nikamwambia kuna maiti inanisubiri. Akasema pole sana, na wallahi alimaanisha, lakini pole hairushi ndege.

Kila dada alipopiga, nilisikia watu wameongezeka uani. Joto la kule si la kuchezea. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na wanaume walitaka kumswalia Hooyo adhuhuri. Dada hakunisukuma hata kidogo.

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe ndiye mkubwa."

Nilimkasirikia kwa kuniachia mzigo huo. Niliikasirikia ndege, nikamkasirikia na yule askari wa jana. Nilichoka mpaka hasira yenyewe ikanichosha.

"Mwosheni," nikasema. "Msinisubiri."

Tuliruka karibu na adhuhuri. Jirani yangu kwenye kiti, mtu wa ofisi fulani anayekwenda Mandera kwa mara ya kwanza, alichungulia dirishani njia nzima. Magurudumu yalipogusa chini akatazama saa yake.

"Kumbe si mbali!" akasema.

Nilitamani kumzaba kofi. Maskini, hakunikosea kitu.

Nilipofika nyumbani, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Chumbani kwa Hooyo sakafu ilikuwa bado ina maji. Dada akaja kunikumbatia, viganja vyake vinanukia kafuri. Nikavishika vyote viwili nikavibana usoni kwangu, na alipoitwa kwenda kupokea wageni, sikumwachia.