Ripoti ya Jioni

Baba yangu, sajini mstaafu, hakuwahi kuzielewa filamu za vichekesho vya polisi, na ndiyo maana kuzitazama naye kulikuwa raha. Inspekta anaegemea ukuta, ukuta unaanguka, naye anaendelea kumhoji mtuhumiwa akiwa kwenye vifusi, uso mkavu, hana habari. Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Baba anakunja uso: "Askari gani huyu? Hata kofia hajui kuvaa!" Hapo Mama ndiyo anamalizika kabisa.

Kisha pacha wake Mama akafariki, na kicheko kikaenda naye. Filamu zilezile akawa anazitazama kama taarifa ya habari. Miezi ikapita. Niliogopa, nasema wazi, kwamba Mama yule hatutamwona tena.

Baba naye aliogopa, kwa namna yake. Siku moja alijiangusha kutoka kwenye stuli makusudi, puu! Halafu akainua shingo kumtazama Mama. Kosa lilikuwa hapohapo. Inspekta haangalii kama watu wamecheka.

"Umeumia, mzee?" Mama akauliza.

"Sijaumia," alijibu, akaenda kukaa nje peke yake.

Sasa, Baba ana mazoea ya kazini ambayo kustaafu hakukuyatibu. Kila jioni hufanya doria ya nyumba nzima, anatikisa mlango mmoja mmoja, kisha anasimama wima mbele ya Mama na kutoa ripoti. Jioni moja alimalizia na mlango wa sebuleni, akautikisa kwa nguvu zake zote, akageuka.

"Mama watoto, milango yote imara. Hapiti hata mbu. Hali shwari."

Kishikio cha mlango kilikuwa mkononi mwake. Nyuma yake mlango ukajifungua taratibu, akaingia kuku wa jirani.

Mama akaziba mdomo. Haikusaidia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Unacheka nini? Natoa ripoti!"

Ndipo vidole vyake vilipokitambua kile chuma. Nilimwona. Hakukitazama. Alikibana kwapani kama kifimbo cha ofisa, akapiga saluti, akamruka kuku, akaendelea na doria.

Kesho yake nilileta fundi. Baba alimsimamisha kizingitini.

"Hapa hakuna kilichoharibika," akamwambia, na nyuma yake mlango ukajifungua tena.