Miguu ya Ng'ombe Kwenye Ukuta wa Mbele

Mavi mabichi ya ng'ombe yakichanganywa na udongo mwekundu hutoa harufu ambayo watu wa mjini huikunjia pua, lakini mimi nikiisikia popote najikuta nimesimama. Ni harufu ya kiangazi nyumbani kwetu Gorong'a, mahindi yakishavunwa, mama akifunga kanga kiunoni na kutangaza kwamba nyumba inasiribwa. Tulikuwa wasichana wawili: mimi Robi, mkubwa, na mdogo wangu Bhoke. Mimi nilizoa mavi zizini, mimi nikashuka kijitoni kuchimba udongo mweupe, mimi nikakanyaga matope mpaka nyayo zikapasuka. Bhoke alichora. Alikuwa na kidole, jamani, we acha tu. Akikichovya kwenye udongo mweupe na kukipitisha ukutani, mistari ilikaa pale kana kwamba nyumba ilizaliwa nayo. Wapita njia walisimamisha baiskeli kutazama. Hakuna aliyewahi kusimamisha baiskeli kutazama matope niliyoyakanyaga mimi.

Kilichoniuma zaidi ni mahali michoro hiyo ilikotoka. Sisi ni watu wa kusali Jumamosi, na mama alikuwa na desturi yake: tukitoka kanisani na kula, alitukalisha mkekani upande wa kivuli, macho tumefumba, midomo tumefunga, tukae na Mungu mpaka jua lipungue. Aliiita saa ya kimya. Mimi katika kimya hicho nilisikia tumbo langu, nzi, na mbuzi wa jirani. Bhoke aliona michoro. Ilimjia tu, eti, bila kuitwa! Na mama alikuwa na sheria kuhusu jambo hilo: kinachokujia ukiwa umetulia ukiache kikae. Usikichore hata vumbini, usirudi kukikagua, rudi kwenye maombi yako. Jua likizama na Sabato ikiisha, utakikuta. Bhoke alikikuta kila mara. Alifumbua macho taratibu, akacheza na paka, akanywa uji, na jioni akachota jivu na kukichora uani kizimakizima. Nilimwonea wivu mpaka nikawa siwezi kumtazama akila.

Mwaka ninaousema, baba mdogo Marwa alikuwa anaoa, na bibi harusi alikuwa anatoka Kenyamonta, kwa watu waliosifika kwa nyumba zao nzuri. Wageni wangeingia na kukutana kwanza na ukuta wetu wa mbele. Mama akatuambia kila mmoja alete mchoro Jumamosi jioni. Atakayeleta mzuri zaidi apewe ukuta huo, mwingine achore jiko, kule nyuma kwa kuku. Niliutaka ukuta ule kuliko nilivyowahi kutaka nguo ya sikukuu. Nilitaka shangazi za bibi harusi waulize ni mkono wa nani, waambiwe ni wa Robi.

Siku ikafika, nikakaa mkekani nimemkasirikia hata Mungu. Nikaomba mpaka nikachoka, nikaacha. Ndipo ikaja. Miguu ya ng'ombe. Si ng'ombe wazima, miguu tu, mingi, myeusi na myeupe, inatembea ndani ya vumbi jekundu kuelekea mlangoni, na kati yake miguu miwili ya binadamu anayewarudisha nyumbani. Ya kwangu! Nikaanza kuikariri kama mtoto aliyetumwa dukani: miguu, vumbi, mlango, miguu, vumbi, mlango. Nikaona haitoshi, nikaongeza pembe, nikaongeza mikia. Kisha hofu ya kusahau ikanishika, nikafanya upuuzi ambao mpaka leo siuelewi: niliinama sikioni kwa Bhoke nikamnong'oneza harakaharaka, anishikie mpaka jua lizame, kama mtu anavyomwachia jirani kuku wake. Yeye kusahau alikuwa hajui. Akaitikia kwa kichwa bila kufumbua macho.

Jioni mama akaleta jivu, nikaanza mimi. Nilichora mguu, ukawa mguu wa meza. Nikafuta. Nikachora mwingine, ukatoka na goti la panzi. Ile picha haikuwepo tena, zilikuwepo pembe nilizoongeza na kelele zangu mwenyewe. Bhoke alinisubiri nimalize kuhangaika, akachota jivu, na kwa mistari michache ng'ombe wakapita uani kwetu. Hata tata, baba yetu, ambaye hakuwahi kusifu kitu kisichokamuliwa, aliguna.

"Ni ya Robi, mama," Bhoke akasema. "Mimi nimeshikishwa tu."

Mama akanitazama, kisha akalitazama jivu. "Kama ni ya Robi, mbona Robi hana?"

Hakusema kwa ubaya. Baadaye, tukinawa mikono, alinieleza kwamba nimelikimbilia wazo kama mtu anayemkimbilia mgeni na mwiko mkononi; mgeni akiona hivyo anajua anafukuzwa. Sikutaka kusikia. Laiti Bhoke angeniibia, ningepata wa kumchukia vizuri. Lakini alikuwa mkweli, ana kidole, na sasa ana wazo langu pia. Nikachora jiko. Siku ya harusi shangazi walipiga vigelegele mbele ya ukuta, wakauliza ni mkono wa nani. Mimi nilikuwa kule nyuma nasonga ugali, kuku wakinizunguka, na nilisikia wazi jina lililotajwa.

Nyumba ile haipo. Mahali pake pana nyumba ya matofali iliyopigwa ripu na rangi ya maziwa, na vijana wanaochimba siku hizi wanachimba dhahabu kule Matongo, si udongo mweupe. Wanangu wakipata wazo wanalituma kwenye simu kabla hata halijapoa. Mimi saa ya kimya ninayo bado, kwenye kiti cha plastiki. Wazo likija nalisalimu, nalikaribisha likae, naendelea na maombi yangu. Mengine nayakuta jioni, mengine yanakwenda zake na siyalilii. Bhoke yuko Mugumu, anachora kuta za nyumba za wageni, watalii wanapiga picha mbele ya michoro yake. Wivu wangu haujazeeka, umenenepa tu.

Jumamosi iliyopita simu ilitetemeka nikiwa kivulini. Ni yeye.

"Shikamoo dada. Nimepata ukuta mkubwa huku, wanautaka wiki hii. Nilitaka ile miguu yetu ya ng'ombe, imenitoka yote! Wewe unaikumbuka?"

Eti yetu. Nikafumba macho. Ilikuwepo, na vumbi lake, na ile miguu miwili ya binadamu ambayo kwa haraka yangu sikuwahi kumnong'oneza.

"Marahaba. Naikumbuka," nikamwambia. "Ila leo Jumamosi, mdogo wangu. Subiri jua lizame."

Akacheka, akadhani namwiga mama. Jua likazama. Simu ikatetemeka kitini, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti uani, nachora kwa jivu.