Kaseti ya Baba na Nyimbo za Filamu

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na nitakusimulia bila kujipamba, maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mitunguu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, namsaidia mama kwenye shamba la migomba. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano kule Timau, na kwa kuwa mama hakujua kusoma, hawakuandikiana barua. Baba alizungumza kwenye kaseti, akampa dereva wa lori lililopeleka ndizi huko atuletee. Mama akishasikiliza, kaseti ile ile inarudi na lori, na baba anarekodi maneno mapya juu ya yale ya zamani. Kaseti ilikuwa moja tu miaka yote. Alipokufa, tulibaki na maneno yake ya mwisho.

Kila Jumapili mama akitoka kanisani alivua viatu, akaketi, akawasha redio na kumsikiliza mumewe kwa nusu saa. Mimi nilikuwa natoka nje. Usinione sina moyo. Nilikuwa na huzuni yangu na sikujua niiweke wapi.

Basi, wakati huo kulikuwa na filamu ya mapigano iliyoonyeshwa kwenye ukumbi wa video pale Nkubu. Ngumi na pikipiki sikuzijali. Kilichonikamata ni muziki. Kila mara watu walipoanza kufukuzana, vijana wa hip hop waliingia wakirap kwa hasira, na chini yao mdundo wa kielektroniki, ule wa mashine, ukipanda na kupanda mpaka kifua kinatetemeka. Tangu tumzike baba sikuwa nimecheza wala kuimba. Siku ile miguu yangu ilicheza yenyewe chini ya benchi. Furaha hiyo siikatai hata leo. Wenzangu wa rika langu wakianza kusema muziki ule ulikuwa wa kishetani, huwa nachukua kikapu changu naenda zangu.

Mwenda, binamu yangu aliyefanya kazi kwenye duka la redio mjini Meru, akapata kaseti ya nyimbo za filamu ile. Jumamosi mchana akatokea nayo nyumbani, na redio yake kubwa ya kaseti mbili begani.

"Karimi, hii kitu ni moto," akaniambia. "Lakini si yangu. Saa kumi lazima nirudi nayo town. Uko na kaseti turekodi?"

Sikuwa nayo, na dukani zilikuwa zimeisha. Mama alikuwa sokoni. Nikaitazama ile ya baba juu ya kabati. Nikajiambia, kaseti hii imefutwa mara ngapi na baba mwenyewe? Nikajiambia tena kwamba mama anajiumiza bure kila Jumapili, na kwamba maneno yale ameshayajua yote. Unaona mtu anavyojitetea kabla hata hajashtakiwa. Nikampa Mwenda kaseti, na sikumwambia ina nini.

Kesho yake mama alivua viatu, akawasha redio. Ukaingia mdundo.

Nilikuwa mlangoni. Aliitazama redio, akanitazama mimi.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza, kwa Kimeru chetu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikamweleza. Nilinyoosha mkono nizime, akanizuia. "Wacha. Labda yuko mbele."

Akakaa, mikono magotini, na gauni lake la kanisani, akisikiliza vijana wa ng'ambo wakigombana na ving'ora. Wimbo ukiisha anainua kichwa. Mwingine ukianza anakiinamisha. Nikasema niisongeshe mbele kwa kasi. "Redio hii inakula kaseti," akasema. "Wacha iende pole pole." Huenda nilikuwa nimemfuta baba yangu mzima.

Kisha nyimbo zikaisha. Kukawa na mlio mdogo, halafu baba.

"...na ile ng'ombe nyeusi usiuze kabla sijakuja. Huku Timau baridi si mchezo, lakini sweta uliyonifumia ninayo, hata kulala nalala nayo. Karimi asichoke na masomo. Haya, naona kaseti inaisha. Kaeni salama."

Dakika mbili hivi, basi. Zile nyingine zote nilikuwa nimezifuta.

Tulilia wote wawili. Alipomaliza kujifuta, mama alinisemesha bila ukali. "Ungeniuliza tu. Upande wa pili hauna kitu. Baba yako hakuutumia hata siku moja, alijua mimi sijui kugeuza."

Hakunigombeza kwa jambo hilo maisha yake yote. Mpaka leo natamani angenipiga.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili alisikiliza nyimbo zote tangu mwanzo ili afike kwenye zile dakika mbili, na mimi sikutoka nje tena. Tulikaa pamoja. Mwaka mmoja baadaye nilimkuta shambani akikata majani ya mgomba huku akiimba mdundo wa filamu kwa mdomo. Akaona namtazama, akacheka. "Hawa vijana wako wana kelele sana," akasema, "lakini mwisho wananifikisha kwa baba yako."

Mwanangu, penda muziki wako, cheza, sikukatazi. Lakini kabla ya kufuta kitu cha mtu ili upate nafasi ya chako, muulize, hata kama ni mama yako, hata kama unaona kimechakaa na wewe ndiye unayejua zaidi. Kuuliza kungenichukua mwendo wa kufika sokoni na kurudi. Na ukishakosea, usikimbie. Kaa karibu na uliyemkosea mpaka wimbo uishe.

Mungu akujalie furaha isiyomnyang'anya mtu. Akupe watu wa kukusamehe, na sauti za wapendwa wako azitunze masikioni mwako. Mama naye ameshakwenda. Redioni kukipigwa wimbo wa aina ile, mimi huacha kazi, nikakaa, nikasubiri baba aseme.